Kabla hujaandika "hasikii": jinsi ya kumtazama mtoto anapocheza na anapoishi

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha chekechea huko Nyalenda, Kisumu, nilipoandika neno moja kwenye ripoti ya muhula ya mvulana wa miaka mitano: "Hasikii." Nilimaanisha kile wanachomaanisha wazazi wote, kwamba ni mkaidi, akikanywa leo kesho anarudia. Muhula uliofuata nililetewa mwanafunzi wa chuo aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Kwa siku nne alikaa chini ya mwembe wakati wa mapumziko, akiandika kila mara mvulana yule alipoitwa jina. Aliitwa mara 11. Mara 5 aliyemwita alikuwa mbele yake, na zote aliitika. Mara 6 aliitwa kutoka nyuma. Aliitika mara moja tu, na mara hiyo mwenzake alikuwa amemgusa bega.

Mtoto alikuwa hasikii kweli. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha mara kwa mara kwa miezi kadhaa, na mimi niliyekuwa naye kila siku niliona shida yake nikaiita tabia.

Tangu hapo nimewafundisha wanafunzi wa ualimu kadiri nilivyoweza jinsi ya kumtazama mtoto katika mazingira yake ya kawaida: bila kumpa mtihani, bila kumwelekeza, bila kumuuliza maswali, wewe ukiwa kando na daftari. Vitabu vya utafiti huita kazi hii uchunzaji katika mazingira asilia. Ni njia ya zamani. Charles Darwin aliweka kumbukumbu za mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1839, akazichapisha mwaka 1877. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alijenga sehemu kubwa ya nadharia yake ya ukuaji wa akili ya mtoto kwa kuwatazama watoto wake watatu wakiwa nyumbani. Mwalimu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya awali) mwenye watoto arubaini anaweza kuifanya, na mzazi mwenye mmoja anaweza pia.

Kwa nini tusimwite tu tukamuuliza?

Kila kundi la wanafunzi huniuliza hivyo, na jibu bora ninalolijua lilitoka karibu na kwetu. Miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super, watafiti kutoka Marekani, waliishi Kokwet, jamii ya Wakipsigis upande wa Kericho. Walipowaomba watoto wamsimulie mtu mzima hadithi waliyotoka kuisikia, wengi walinyamaza. Ukisoma majibu yale peke yake utasema lugha yao imechelewa. Lakini nyumbani mtoto wa pale alifunzwa kusikiliza agizo la mkubwa na kulitekeleza. Kukaa mbele ya mtu mzima asiyemjua na kumpa maneno mengi hakukuwa sehemu ya maisha yake. Walichokipima hasa ni ugeni wa kile kikao.

Nami nimeyaona haya Dunga. Msichana ambaye darasani hatoi neno, jioni ufuoni alikuwa akiwagawia wenzake watano kazi ya kufukuza ndege kwenye omena iliyoanikwa: wewe huku, wewe kule, wewe usikae. Ukitaka kujua lugha ya mtoto huyo, nenda ufuoni.

Hatua ya kwanza: pata swali moja dogo

"Nataka kuchunguza tabia za watoto" halitoshi. Ukianza na hilo utajaza daftari zima na usiwe na la kusema. Swali zuri hujibiwa kwa macho na masikio, kwa mfano:

Mtoto wa PP1 akinyang'anywa kitu, hufanya nini katika dakika moja inayofuata?

Mchezo wa kati (ule wa kukwepa mpira) ukiwa umeshaanza, anayekuja baadaye huingiaje?

Mtoto wa miaka mitatu nyumbani, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, huongea na nani?

Kisha eleza tendo lenyewe kiasi kwamba mtu mwingine angelitambua bila kukuuliza. Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua "kupigana." Watoto wanaoviringishana mchangani wanapigana au wanacheza? Nicholas Blurton Jones aliwatazama watoto wa chekechea London miaka ya 1960 akaona kwamba ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina dalili zake. Katika mieleka ya mchezo watoto hucheka, hukimbizana, huruka, na wakimaliza hubaki pamoja. Katika ugomvi uso umekunjwa, kila mmoja ameng'ang'ania kitu, na ukiisha mara nyingi kila mtu anakwenda kwake. Andika dalili hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako kabla ya kuingia uwanjani. Walimu wengi hutawanya mchezo wakidhani wanaamua vita.

Hatua ya pili: ruhusa

Kama unamtazama mwanafunzi wako ili umfundishe vizuri zaidi, hiyo ni sehemu ya kazi yako. Mwambie mwalimu mkuu na mzazi unachofanya. Kama ni utafiti wa chuo au wa kuchapishwa, mambo yanaongezeka: kibali cha kamati ya maadili ya chuo, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), ruhusa ya shule, na ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa hiyo kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto. Mweleze mzazi kwa lugha anayoielewa vizuri, iwe Dholuo, Kiluhya, Kikuyu au Kiswahili, na umpe nafasi ya kukataa bila kuona haya. Mama anayeuza mboga Kibuye akitia sahihi upesi kwa sababu wewe ni mwalimu na ana wateja, hajaridhia. Rudi jioni.

Mtoto naye aulizwe. Mimi husema, "Ninaandika jinsi watoto wanavyocheza. Ukitaka nisikuandike, niambie." Akigeuka kukutazama kila mara, akijificha, au akiacha mchezo kwa sababu yako, funga daftari.

Usiandike majina. Mpe kila mtoto herufi, na orodha ya herufi na majina iwe mahali pengine, chini ya kufuli. Picha za watoto zisiingie kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi hata kama ni nzuri kiasi gani. Na ukiona mtoto anaumizwa au yuko hatarini, hapo wewe si mtazamaji tena. Ingilia, toa taarifa. Simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Hatua ya tatu: chagua mahali, na chagua saa

Walimu hudhani mtoto ni yule wa darasani. Watu waliotafiti upande wetu wa magharibi walikwenda nyumbani, na walichokiona kisingeonekana penginepo. Katikati ya miaka ya 1950, katika utafiti wa jamii sita za dunia ulioongozwa na John na Beatrice Whiting, watoto wa Kigusii wa mahali palipoitwa Nyansongo walitazamwa katika vipindi vya dakika tano tano, wakiwa kwenye maisha yao ya kila siku. Walionekana wakilea wadogo zao, wakichunga, wakituma na kutumwa, na kwa jumla tabia yao ilikuwa na uwajibikaji na ulezi mwingi. Mwaka 1973 Carol Ember alichapisha utafiti wake juu ya wavulana wa Kijaluo wa Oyugis. Katika boma lisilo na msichana wa kutosha, mvulana alipewa kazi ambazo kwa desturi ni za wasichana. Wavulana waliofanya kazi nyingi za aina hiyo, hasa za ndani ya nyumba, walikuwa na ukali mdogo kwa wenzao. Ukimtazama mvulana huyo kwenye dawati tu, utajuaje kwamba kila jioni hubeba mtoto mgongoni?

Kwa hiyo orodhesha mahali mtoto anapoishi siku yake: njia ya kwenda shule, foleni ya uji, uwanja, mtoni au bombani, jikoni. Chagua mawili au matatu.

Saa ina uzito sawa na mahali. Mtoto kabla ya uji na mtoto baada ya uji ni kama watoto wawili. Siku ya kwanza baada ya likizo, siku ya mvua ambapo wote wamebanana barazani, asubuhi ya soko ambapo mama ametoka nyumbani alfajiri, zote hubadilisha unachokiona. Usiziepuke, ila usitazame siku moja ya aina hiyo ukaandika kwamba ndivyo alivyo. Kwa mtoto mmoja mimi hutaka angalau siku nne zilizotawanyika katika wiki mbili, zikiwa na asubuhi na mchana.

Hatua ya nne: kaa mpaka wakuzoee

Siku ya kwanza watoto watakuzunguka, watagusa saa yako, watakuuliza kalamu ni ya bei gani. Yote unayoyaona siku hiyo ni watoto walio na mgeni. Keti chini, mahali pamoja, usiwe na peremende, usiamue ugomvi, usisifu. Wakikuuliza, jibu kwa ufupi na urudishe macho kwenye daftari. Kwa kawaida siku ya tatu wanakuacha. Utajua umezoeleka mtoto atakapokuangushia mpira na kuuchukua bila kukutazama usoni. Maandishi ya siku za kuzoeana yahifadhi, lakini usiyahesabu.

Mwalimu mwenye darasa lake ana faida, maana wamemzoea. Ana hasara pia: watoto humtazama kuona kama atakasirika. Mwombe mwenzako asimamie mapumziko siku hiyo, ili wewe uwe mtu aliyekaa tu.

Hatua ya tano: andika kitenzi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayonichukua muda mrefu zaidi na wanafunzi wangu.

Gawa ukurasa mara mbili. Safu ya kushoto, iwe pana, ni ya ulichokiona na kukisikia. Safu ya kulia, nyembamba, ni ya ulichokifikiri. Kushoto hakuna "mtundu," "mpole," "mvivu," "ana hasira," "anapenda," "anaogopa." Kushoto kuna mikono, miguu, macho, maneno, umbali na saa.

Tazama maandishi mawili ya dakika zile zile. La kwanza ni la mwanafunzi wangu katika wiki yake ya kwanza:

"K ni mpweke na mwoga. Hajui kucheza na wenzake mpaka aitwe."

La pili ni la mwanafunzi huyo huyo, baada ya kumwomba ayaandike tena kwa vitenzi kutokana na alama alizokuwa ameziweka pembeni:

"4:10. K, miaka 4 na miezi 7, amesimama karibu na mwembe, mkono wa kulia kwenye shina. Wasichana wanne wanaruka blada (kamba ya mpira inayoshikwa kwa miguu), hatua tatu hivi kutoka alipo. K anatazama miguu ya anayeruka.

4:11. K anainua mguu wa kulia, anaushusha. Anarudia mara tatu. Midomo inacheza, sauti siisikii.

4:12. M anasema, 'Kuja ushike.' K anakwenda mbio, anaingiza miguu kwenye blada, anasimama.

4:14. M anaruka, blada inanasa kwenye kisigino. K anasema, 'Umekanyaga.' M anasema, 'Sijakanyaga.' K anasema kwa sauti ya juu zaidi, 'Umekanyaga, nimeona.' M anakuja kushika. K anaruka, anafika magotini bila kukosea."

Mwoga yuko wapi hapa? Yupo mtoto aliyejifunza mchezo kwa macho, akajaribu mguu kwa siri, akaingia kwa mlango uliofunguka, kisha akasimamia sheria mbele ya mkubwa wake. Mwanafunzi yule alisoma maandishi yake mwenyewe akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama anaweza kubadilisha ripoti.

Mambo machache ya mkono. Andika wakati uliopo, ni mwepesi na hauachi nafasi ya kupamba. Maneno ya mtoto yaandike kama yalivyotoka, na Dholuo chake, na Sheng yake, usiyasafishe. Usiposikia, andika kwamba hukusikia. Tumia vifupisho vyako, lakini andika upya kwa urefu siku hiyo hiyo kabla hujalala, kwa sababu kesho utaanza kukumbuka yasiyokuwepo. Vipindi viwe vifupi: dakika tano hadi kumi, pumzika, endelea. Jicho lililochoka huanza kuandika vivumishi.

Na kama neno langu "hasikii" lilivyonifunza, kitenzi nacho huweza kuwa hukumu iliyovaa nguo ya kitenzi. "Anakataa," "anadharau," "anajaribu," "anasumbua": kila kimoja kinadai kujua nia. Jiulize mwili ulifanya nini. "Anakataa kula" huenda ni "anafunga mdomo, anageuza kichwa kulia, anasukuma kikombe kwa kiganja."

Hatua ya sita: unapotaka kuhesabu

Maandishi mfululizo yanakupa picha. Hayakuambii jambo hutokea mara ngapi. Kwa hilo kuna njia mbili ambazo zinatosha mahitaji ya mwalimu.

Ya kwanza ni kupima kwa vipande vya muda. Ilitumiwa na Mildred Parten katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1932. Alimtazama kila mtoto kwa dakika moja, akaandika anashiriki vipi: hana shughuli, anacheza peke yake, anawatazama wengine, anacheza sambamba na mwenzake bila kuchanganyika naye, anachanganyika kidogo, au anashirikiana katika mchezo wenye mpango mmoja kama kalongo, ambapo kuna mama, baba na mgonjwa. Kwa mapumziko ya nusu saa jaribu hivi: watoto sita, kila mmoja dakika moja, nusu dakika ya kutazama na nusu ya kuandika. Mzunguko mmoja unachukua dakika sita, kwa hiyo utapata mizunguko mitano. Ukifanya siku nne, kila mtoto ana vipande 20. Badilisha mpangilio wa watoto kila siku ili asiwepo anayetazamwa mwanzoni daima, wakati mchezo haujachangamka.

Usiyageuze makundi ya Parten kuwa ngazi. Mtoto mkubwa anayejenga nyumba ya udongo peke yake kwa nusu saa hajarudi nyuma. Ana kazi.

Ya pili ni kusubiri tukio. Inafaa kwa mambo ya nadra: kuuma, kulia, kugombana. Tukio likitokea andika mambo matatu: kilichotangulia, tendo lenyewe, kilichofuata. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu na nusu aliyekuwa akiuma wenzake, na wazazi walishaanza kumsema vibaya langoni. Katika wiki mbili aliuma mara 9. Mara 7 ilikuwa kwenye foleni ya kunawa mikono, wakiwa wamebanana ukutani, na mtu alikuwa amemsukuma kutoka nyuma. Tulifanya foleni mbili fupi na kuleta ndoo ya pili yenye bomba. Hatukumfanyia mtoto chochote.

Kwa ugomvi, chukua pia muda wake. Mwaka 1934 Helen Dawe alichapisha uchambuzi wa magomvi 200 ya watoto wa chekechea. Mengi yalihusu nani ana haki ya kitu fulani, kwa wastani hayakufika nusu dakika, na sehemu kubwa watoto waliyamaliza wenyewe. Mimi sasa, kama hakuna jiwe wala fimbo mkononi, huhesabu polepole hadi thelathini kabla ya kuinuka. Mara nyingi nafika ishirini kumekwisha kuwa kimya, na daftari langu limepata kitu ambacho kuingilia kwangu kungekifuta: jinsi walivyopatana.

Hatua ya saba: macho mengine mawili

Mwombe mwenzako amtazame mtoto yule yule, wakati ule ule, kila mmoja na daftari lake, msichunguliane. Baadaye linganisheni kipande kwa kipande. Mkikubaliana vipande 17 kati ya 20, hiyo ni asilimia 85, na wengi huridhika kuanzia 80. Chini ya hapo rudini kwenye maelezo ya tendo, kwa sababu kila mmoja anatafuta kitu chake.

Kuna mtego hapa. Tuseme mnahesabu kupiga, ambako ni nadra. Wewe umeona mara moja, kwenye kipande cha 6. Yeye ameona mara moja, kwenye kipande cha 14. Vipande 18 vilivyobaki wote mmeandika "hakuna," kwa hiyo mna asilimia 90 ya makubaliano, na hamkukubaliana hata mara moja juu ya kupiga kwenyewe. Kwa tendo la nadra, linganisheni zile mara ambazo angalau mmoja wenu aliliona.

Hatua ya nane: sasa safu ya kulia

Ukiwa na siku zako nne, keti usome mfululizo. Tafuta kinachojirudia, kisha utafute kinachokipinga. Kama umeandika "hunyamaza" mara kumi na mbili, tafuta mara alipoongea: ilikuwa na nani, kwa lugha gani, wapi? Katika madarasa yetu ya Manyatta au Kondele, na vilevile kule Nakuru, Bondeni au Langalanga, ambako mama ni wa kabila hili na jirani wa lile, mtoto huweza kuwa kimya kwa Kiswahili cha mwalimu na kuwa mzungumzaji hodari kwa lugha ya nyanya yake. Kabla ya kusema lugha imechelewa, mpate akiwa katika lugha yake.

Linganisha na umri, lakini kwa upole. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kinaonyesha kwamba watoto wenye afya njema huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 hivi na miezi 17 na nusu. Ni upana mkubwa, na mazoezi ya nyumbani huusogeza. Kule Kokwet, Charles Super aliona kwamba watoto waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani kwa sababu walifunzwa makusudi, ilhali mambo wasiyofunzwa hayakuwahi kwa namna ile. Kwa hiyo mtoto akichelewa jambo, swali la kwanza ni hili: amepewa nafasi ya kulifanya? La pili: je, alikuwa analifanya kisha akaacha? Mtoto anayepoteza alichokwisha kukijua asingojewe. Apelekwe kituo cha afya pamoja na kijitabu chake cha kliniki.

Kisha nenda kwa anayemjua zaidi, na uende kuuliza. Kwa yule mvulana wangu, nilikwenda kwa nyanya yake na daftari la mwanafunzi, nikamsomea safu ya kushoto tu. Sikutaja neno langu la ripoti.

"Nyanya, nyumbani mnamwitaje akiwa amekupa mgongo?"

Alifikiri kidogo. "Mwalimu, huyo simwiti. Mimi hugonga chini na bakora yangu, naye hugeuka."

Alikuwa amegundua kabla yetu sote, kwa kuishi naye, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ukifika hapa uamuzi si wako peke yako. Uchunzaji hausemi mtoto ana ugonjwa gani. Unampa muuguzi, daktari wa masikio au mtaalamu wa kituo cha EARC (kituo cha kupima mahitaji ya kielimu ya watoto) kitu bora kuliko "hasikii": tarehe, saa, umbali, upande, na mara ngapi.

Hatua ya tisa: rudi pale pale

Hatua hii wengi huiacha. Ukishabadilisha kitu, iwe ni foleni, kiti, dawa au namna ya kuita, rudi mahali pale, saa ile, na swali lile lile, utazame siku nyingine nne. Usibadilishe namna ya kuhesabu, la sivyo hutajua kama aliyebadilika ni mtoto au ni wewe.

Mvulana yule alitibiwa kwa wiki kadhaa. Darasani nikamketisha mbele, upande ambao sikio lake la kulia lilinielekea. Muhula ulipokaribia kufungwa nilikaa chini ya mwembe mimi mwenyewe.

"Jumatano, 4:20. T anachimba shimo la bano (gololi), amelipa lango mgongo. Mwalimu mwenzangu anaita jina lake kutoka langoni, hatua kumi hivi. T anainua kichwa. Anatazama kulia, kisha kushoto, kisha anageuka nyuma. Anasema, 'Mwalimu?'"

Siku nne zile aliitwa kutoka nyuma mara 8, akaitika 6. Mara mbili zilizobaki kulikuwa na lori likipita barabarani.